Pangaboi na Wapangaji Wake Watano

Hospitalini kwetu jina lake halisi lilitumika siku ya mshahara tu. Siku nyingine zote aliitwa Pangaboi, kwa sababu akieleza jambo mikono yake huzunguka kama feni ya darini, na ukikaa naye karibu wakati wa joto unapata upepo wa bure. Ni mtu mrefu, mwembamba, mwenye masikio yaliyosimama kama vishikio vya sufuria, na hasira zake sijaona zikidumu zaidi ya chafya.

Alikuja kwetu akiwa fundi wa friji. Friji ya chanjo iligoma, akaitwa, akaitengeneza, na alipokuwa anafunga mfuko wa vifaa vyake mtu wa mapokezi akamwomba atupie jicho na kompyuta yake, iliyokuwa ikilia kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Akatupa jicho, na jicho likabaki hapo. Hakufundishwa kompyuta darasani. Alisoma vitabu vya maelekezo kama wenzake wanavyosoma habari za mpira, alipokwama aliuliza, na alipojibiwa alishukuru. Kidogo kidogo ule mfuko wa vifaa ukapata meza, meza ikapata ofisi, na kando ya ofisi kikapatikana chumba kisicho na dirisha, chenye kibao mlangoni kilichoandikwa MITAMBO.

Mkewe ni msusi. Saluni yake iko mkabala na lango la hospitali, na mchana kutwa wawili hao walikuwa wakionana kwa mbali, yeye akiinua chanuo, mumewe akiinua bisibisi. Walioana wangali vijana, wakakaa miaka mingi bila mtoto. Wao wenyewe hawakugombana kwa jambo hilo. Ndugu ndio waliowasaidia kugombana. Kila mgeni aliyebisha hodi alikuwa na mzizi wa kupendekeza au mtu wa kumlaumu. Pangaboi alimsikiliza mgeni, akamshukuru, akamsindikiza mpaka njiani, kisha akarudi ndani kumwigiza mbele ya mkewe, sauti na mwendo, mpaka wote wawili wakalala chini kwa kucheka.

Basi, hata ndugu walipokuwa wamechoka, mimba ikaingia. Picha ikapigwa, ikaonyesha wawili. Pangaboi alikuja stoo, ambako mimi ndiye mtunzaji, akasimama mbele ya kaunta. Mikono ilianza kuzunguka kabla maneno hayajapatikana, na karatasi zangu zikapeperuka. "Wawili," alisema mwishowe. Akatoka, akarudi, akasema tena, "Wawili, jamani," kisha akaenda zake moja kwa moja, akiwa amesahau alichokuja kuchukua.

Tangu siku hiyo alikuwa na jambo moja tu moyoni: awe kando ya kitanda watakapozaliwa. Kwetu mume anaruhusiwa kuingia chumba cha kujifungulia, mkewe akitaka na Metroni akiridhika. Metroni ni mwanamke wa kimo kifupi na amri ndefu. Alimuuliza kama ni mtu wa kuzimia akiona damu. Pangaboi akajibu kwa unyofu kwamba hajui, hajawahi kuona ya kutosha. Metroni akamwambia basi asimame upande wa kichwani, amtazame mkewe machoni, asitazame kwingine, na akidondoka atarukwa tu, hakuna atakayemwokota. Akakubali. Akawa anapita koridoni akijizoeza kusimama wima.

"Nimewangoja miaka yote hii," aliniambia. "Wafike, wasinikute? Nitawaambia nilikuwa wapi?"

Wakati huohuo alikuwa na mimba nyingine ya kulea, kama alivyokuwa akisema shemeji yake. Chumba cha mitambo kilijaa kompyuta nne kuukuu, na ya tano ilikuwa chini ya meza ya mapokezi, kila moja na kazi yake: moja ya taarifa za wagonjwa, moja ya dawa, moja ya maabara, moja ya simu za ndani, na moja ya milango. Zilikula umeme, zilitoa joto, na kila moja ilikuwa na ugonjwa wake. Mganga mkuu akakubali inunuliwe seva moja kubwa, na ndani yake iwekwe programu ya kuzibeba kazi zote tano.

Jambo hili lilitutatiza. Tulikusanywa ukumbini, Pangaboi akasimama mbele kutueleza, walioketi mstari wa kwanza wakashika kofia zao. Alisema tufikirie nyumba. Zamani kila mpangaji alijengewa kibanda chake, akilala peke yake na nafasi tele inapotea. Sasa tunajenga nyumba moja imara. Programu ndiyo mwenye nyumba. Anawagawia wapangaji vyumba, maji na umeme, na kila mpangaji akifunga mlango wake anaamini nyumba nzima ni yake. Hizo ndizo mashine pepe: kwa macho huzioni, lakini kazi zake unaziona. Mpishi wa wodi akauliza kama mpangaji mmoja akiugua wengine wataambukizwa. Pangaboi akafurahi mpaka akamwagia glasi ya maji katibu wa mganga mkuu.

Mwenye nyumba naye alikuwa na masharti yake, na Pangaboi aliyakariri akawa anayasema kama mtu anayetaja ukoo wake. La kwanza, kichakato, yaani ubongo wa mashine, kiwe cha aina inayojua kugawana akili na wapangaji. Na uwezo huo uwe umewashwa, kwa kuwa mara nyingi hutoka kiwandani umezimwa. La pili, kumbukumbu itoshe wapangaji wote, na mwenye nyumba abakiwe na yake. La tatu, diski iwe na nafasi ya kupumua. La nne, njia za mtandao ziwe mbili, moja ikifungwa nyingine ifanye kazi. Aliyasema kazini, aliyasema saluni wateja wakiwa wamenasa vichwa hawana pa kukimbilia, na aliyasema mezani nyumbani. Mdogo wa mkewe, ambaye anakaa nao na kushona nguo kwenye kibaraza cha saluni, ndiye shemeji ninayemtaja. Huyo ulimi wake una makali kuliko mkasi wake. "Shemeji," alikuwa akimwambia, "meza hii ina sharti moja tu, la kula chakula kikiwa moto."

Sasa habari ya milango. Glovu na spiriti zilikuwa zinatembea zenyewe kutoka hospitalini, na Metroni alitaka zikome. Yakafungwa makomeo ya kadi kwenye milango miwili, wa chumba cha mitambo na wa stoo yangu. Unagusisha kadi, kompyuta ya milango inakutambua, komeo linaachia. Ukitoka, hali kadhalika. Metroni alisisitiza kwamba umeme ukikatika komeo libaki limefunga, maana mwizi mwenye akili huanza na umeme. Tulimsifu kwa kuona mbali.

Pangaboi aliwahamisha wapangaji mmoja mmoja. Kila aliyehamia alifurahisha. Dawa zilipatikana kwenye skrini kabla hujamaliza kuzitaja. Mpangaji wa milango alihamia wa mwisho, na kwa kuwa alikuwa mdogo na mpole, Pangaboi alipopanga zamu ya kuamka, nani aanze na nani afuate seva inapowashwa, alimweka mwishoni kabisa. Wagonjwa kwanza, dawa, maabara, simu, ndipo mlango. Alitusomea mpangilio huo, na sote tukaona una busara. Mlango una haraka gani?

Nyumba ilipojaa, mwenye nyumba akaanza kutweta. Kumbukumbu ilikuwa haitoshi, sharti la pili hilo. Vikaagizwa vijiti vingine vya kumbukumbu, na vikafika mkewe akiwa bado na wiki kadhaa mbele yake. Wodi zote zikatangaziwa kwamba mchana huo seva itazimwa kwa muda mfupi na kila mtu aandike kwa kalamu. Kabla ya kazi, Pangaboi alining'olea ile kompyuta ya zamani ya milango iliyokuwa bado inawaka chini ya meza ya mapokezi kwa tahadhari, akaniletea stoo. "Mzee amestaafu," alisema, akaipapasa. Nikaiweka rafuni, nikafunga stoo, nikaenda kula. Yeye akaingia chumba cha mitambo, mlango ukajifunga nyuma yake, akazima seva.

Huko saluni mkewe alikuwa na mteja. Uchungu ulimshika akiwa katikati ya mstari. Alisimama, akashika ukuta, akapumua, kisha akaendelea kusuka, kwa sababu, alisema, hawezi kumwacha mtu barabarani na nusu kichwa. Mteja ndiye aliyelia. Mstari ulipokwisha akafunga nyuzi, akanawa mikono, akavuka barabara kwa miguu yake, akiwa ameshikwa na mdogo wake mkono mmoja na mteja mkono wa pili.

Shemeji alipoona dada yake amepokelewa, akashuka ngazi mbiombio kuja kumwita mume. Nilikuwa narudi kutoka kula, nikamkuta anaugonga mlango wa mitambo kwa ngumi zote mbili.

"Shemeji, toka. Wanakuja."

Ndani kikaanguka kitu cha chuma. Tukasikia hatua, tukasikia kadi inagusishwa. Ikagusishwa tena. Ikagusishwa mara nyingi upesi upesi, kama kuku anavyodonoa.

"Mlango haufunguki," alisema Pangaboi kutoka ndani, kwa sauti ya mtu aliyeanza kuelewa.

"Si ndiyo kazi yako hiyo? Uamuru."

"Mwenye kuuamuru yumo humu ndani ya seva. Na seva nimeizima."

Shemeji akanitazama. Mimi nikatazama komeo. Kisha shemeji akaanza kucheka, kile kicheko kibaya cha mtu aliyekuja na msiba na hajui auweke wapi. "Ufunguo wa nyumba," alisema akishika mbavu, "ameufungia ndani ya nyumba. Na mwenyewe kajifungia nao."

Metroni akafika, kwa maana kelele haimpiti. Alipoelezwa hakucheka, alitoa amri. Akasema ile kompyuta ya zamani irudishwe mahali pake mara moja. Nikasema iko stoo. Akasema basi ikachukuliwe. Nikasema stoo nayo inafunguliwa na mashine hiyohiyo. Akasema kuna ufunguo wa chuma wa dharura, alikabidhiwa mtu. Nikasema nilikabidhiwa mimi, na nimeutunza vizuri sana, stoo. Seremala wa hospitali, ambaye alikuwa amesogea na msumari mdomoni, akasema yote hayo ya nini, apewe mtaimbo ang'oe mlango. Akautoa msumari mdomoni. "Mtaimbo pia uko stoo," alisema.

Mtu mmoja akapendekeza umeme ukatwe, na sote tukamgeukia Metroni, aliyekuwa ametaka mwenyewe komeo lisiachie umeme ukikatika. Ndipo alipocheka. Sijui kama aliwahi kucheka kazini kabla ya siku ile. Alicheka kwa mabega tu, macho yakitiririka, huku akitunyooshea kidole mmoja baada ya mwingine kama anayetuhesabia makosa. Kisha akajifuta, akasema yeye ana watu wawili wa kuwapokea, akapanda ngazi.

Njia ikabaki moja. Pangaboi aongeze kumbukumbu, awashe seva, mwenye nyumba aamke, wapangaji waamke kwa zamu zao, na mlango, wa mwisho kabisa, umfungulie. Kompyuta anayotumia kuwapanga upya iko ofisini kwake. Ofisi ilikuwa imefungwa, na funguo zilikuwa mfukoni mwake, huko ndani. Juu ya mlango kuna tundu la bomba la kiyoyozi, lakini limezibwa kwa wavu wa kuzuia panya, na funguo hazipiti pasipopita panya. Sauti ndiyo ilipita. Shemeji akapanda juu ya kiti, akaweka mdomo wavuni, akawa redio.

"Dada anasema uko wapi," alitangaza.

"Mwambie nakuja."

"Mkono wako uko wapi, uko kwenye kumbukumbu au unazunguka hewani?"

Tulisikia vijiti vikiingia, tak, tak. Tukasikia seva inawashwa, feni zake zikapanda kama ndege inayotaka kuruka. Koridoni watu walikuwa wameshaongezeka, wauguzi, wagonjwa wenye magongo, mteja wa saluni mwenye nusu kichwa. Seremala aliomba ukimya kwa mkono. Feni zikatulia.

Kisha Pangaboi akasema neno ambalo sitaliandika.

Mwenye nyumba alikuwa amegoma kuamka. Skrini nyeusi ilimwambia kwamba mashine hii haifai, haitimizi masharti. Mashine ileile iliyokuwa imebeba wapangaji watano asubuhi. Pangaboi akadhani vijiti vipya ni vibovu. Akazima, akavichomoa, akavifuta kwa shati, akavirudisha, akawasha. Haifai. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote niliyomjua nilisikia sauti yake inapasuka. Alisema kwa upole, kwa yeyote aliye upande wa pili, kwamba atachelewa.

Shemeji kule juu ya kiti alikuwa amekwisha kuchoka kucheka; sasa alikuwa na hasira. Akabana sauti, akageuza kichwa upande, akaanza kumwigiza kama vile Pangaboi mwenyewe alivyowaigiza wageni, na mikono akiizungusha mpaka seremala akamshikia kiti. "Wapendwa, mwenye nyumba ana masharti. La kwanza, kichakato kiwe na uwezo, na uwezo uwe umewashwa, kwa kuwa kiwandani hutoka umezimwa. Nimelishwa hilo na kila mchuzi, shemeji. Mpaka usingizini nalisikia. Leo limekusaidia nini, hilo sharti lako la kwanza?"

Ndani tukasikia kijiti kinawekwa chini.

"Rudia," alisema Pangaboi.

"Nirudie nini? Nimekutukana."

"Umezimwa," alisema. "Nilipoitoa kwenye umeme imesahau kila kitu nilichoiwekea. Betri yake ndogo imekufa. Imerudi kama ilivyotoka kiwandani. Shemeji, nakuombea maisha marefu." Na tukasikia vidole vinapiga vibonye, kisha feni zikapanda tena, zikashuka, na baada ya kungoja kulikotunyoosha shingo sote, Pangaboi akaguta kwamba mwenye nyumba ameamka.

Koridoni watu wakapiga makofi kama uwanjani. Lakini kungoja ndiyo kwanza kulianza. Kila mpangaji ilibidi aamke, ajinyooshe, anawe uso, ndipo ampishe mwenzake. Pangaboi alikuwa anatutangazia kutoka ndani, nasi tunapokea. Wagonjwa ameanza. Wagonjwa bado. Wagonjwa yuko tayari. Dawa ameanza. Mzee mmoja mwenye mguu wa plasta akauliza ni nani hawa wanaoamka mchana, akaambiwa ni wapangaji. Akasema kwake nao wako hivyohivyo. Mpangaji wa maabara alijikokota mno, na watu wakaanza kumhimiza kwa jina, "Maabara, Maabara," wakigonga ukuta. Shemeji hakungoja zaidi. Alishuka kitini, akapanda ngazi kumwangalia dada yake. Yaliyotokea huko juu aliyasimulia yeye baadaye, na kwa kuwa ameyasimulia kwa kila mteja wa saluni bila kubadili neno, nayaamini.

Alikuta dada yake ameshika reli ya kitanda, Metroni yuko miguuni, na sista mmoja kando. Dada akauliza yuko wapi huyu mtu. Shemeji akatafuta uongo mzuri, akakosa. Wakati huo taa ya simu iliyo ukutani, iliyokuwa imezimika tangu seva izimwe, ikawaka kijani. Mpangaji wa nne alikuwa ameamka. Shemeji akauchukua mkono wa simu, akapiga chumba cha mitambo, akabonyeza spika.

Sisi kule chini tulisikia simu inalia ndani ya chumba, na tukasikia Pangaboi anajikwaa kuifuata.

"Shemeji, chunga maneno," alianza mdogo wa mkewe. "Unasikika chumba kizima."

"Uko wapi?" aliuliza mkewe.

"Niko nyuma ya mlango."

"Mlango gani?"

"Wa kwangu. Unaamka sasa hivi. Niliuweka wa mwisho."

"Kwa nini uliuweka wa mwisho?"

"Nilidhani mlango hauna haraka, mke wangu."

Shemeji anasema dada yake alimtazama Metroni kwa mshangao, kisha akaanza kucheka. Si kicheko cha heshima. Kilianzia tumboni, kikamshika mwili mzima, na Metroni, aliyekuwa anaijua habari yote, akashindwa kujizuia naye, akawa anasema, "Sukuma, mama, sukuma," huku mabega yanamtikisika, na sista akaficha uso kwenye taulo. Uchungu ukaja juu ya kicheko, ukakipanda mgongoni. Dada akalia, akacheka, akasukuma, na binti akatoka kwa mkupuo mmoja, akapiga ukelele uliopita kwenye spika, ukateremka kwenye waya, ukapita kwenye tumbo la ile seva mpya, ukamfikia baba yake sikioni.

Sisi tulisikia upande wake tu. Tulimsikia anasema, "Haloo? Haloo?" Kisha tukasikia mtu mzima analia na kucheka kwa pumzi moja, na kwa vile hakuna aliyejua ni lipi limetokea, koridoni kote watu wakashikana mikono.

Na hapo komeo likasema tak.

Mlango ukafunguka polepole, kwa adabu, kama mpangaji aliyelipa kodi. Pangaboi alikuwa amesimama katikati ya chumba, shati limechomoka, amekandamiza simu sikioni kwa mikono miwili, mikono yenyewe imetulia tuli. Hakusogea. Tulimwambia mlango umefunguka. Akaitikia kwa kichwa kwamba ameona, lakini akabaki palepale, akisikiliza, maana waya wa simu haukufika mlangoni na yeye hakutaka kuiachia ile sauti.

"Toka, wewe," alisema seremala, akamnyang'anya simu. "Mtoto hayumo humu."

Akaruka. Watu wakampisha katikati. Alipanda ngazi akizishika zote kwa zamu ya miguu na mikono, na nyuma yake seremala, aliyekwisha kujifunza, akaburuta ndoo ya mchanga wa kuzimia moto akauzuia nayo mlango usijifunge. Mimi nikakimbilia stoo na kadi yangu. Ilifungua. Nikautoa ufunguo wa dharura, nikautia mfukoni, na mfukoni mwangu ndimo umekaa tangu siku hiyo.

Huko juu alisukuma mlango wa chumba cha kujifungulia, akakumbuka, akanawa mikono mpaka viwiko, akavalishwa gauni la kijani lililomfikia magotini. Metroni akamwonyesha pa kusimama kwa kidevu. Akasimama upande wa kichwani, wima, kama alivyojizoeza.

"Umefika," alisema mkewe.

"Nimefika. Nimechelewa?"

"Mmoja umemchelewa, mmoja umemuwahi. Nipe mkono, na usinieleze chochote."

Akampa mkono. Shemeji anasema hicho ndicho kipindi kirefu kuliko vyote alichowahi kumwona shemeji yake amenyamaza. Wa pili hakuwa na haraka; alijikokota kama Maabara. Pangaboi alimtazama mkewe machoni, kama alivyoagizwa, hakutazama kwingine, na mkewe naye akamkazia macho, na kila uchungu ulipokuja alimvunja vidole, na kila ulipokwenda alimtazama tena, akakumbuka mlango, akaanza upya kucheka. Hakuzimia. Aliyumba mara moja, Metroni akamwambia, "Nitakuruka," akasimama.

Mtoto wa kiume akatoka kimya, akasuguliwa mgongo kwa taulo, akakohoa, akalia kidogo tu, kisha akafumbua macho. Metroni akamgeuza, akamweka mbele ya uso wa baba yake. Pangaboi alikuwa ametunga maneno ya kusema, ya miezi mingi, yenye mwanzo na mwisho. Yote yakamtoka. Akasema tu, "Karibu. Dada yako ametangulia."

"Na huyu je?" alisema shemeji, akimletea binti aliyefungwa kwenye kitambaa cheupe, pua juu, amekunja uso kama mtu aliyefika ugenini akakuta hakuna mwenyeji. "Huyu hajapokelewa na mtu. Alikukuta umejifungia."

Pangaboi akamgeukia. Akainama mpaka masikio yake yakakaribia kumgusa mtoto. Alikuwa amechanganyikiwa kwa furaha kiasi kwamba hakujua tena nani mkubwa na nani mdogo mle chumbani.

"Shikamoo," alimwambia bintiye.

Sista akarudi kwenye taulo lake. Metroni akageukia ukuta. Mkewe, aliyekuwa amefumba macho kwa uchovu, hakuyafumbua. Alitabasamu, akaweka mkono juu ya kile kitambaa cheupe, akamjibia mtoto.

"Marahaba, baba," alisema. "Siku nyingine uwahi."